Umeme Chini ya Ardhi: Vifaa Vinavyolinda Uhai wa Mchimbaji, na Sababu ya Wizi wa Nyaya Kutuhusu Sote

(Hotuba iliyotolewa na fundi mstaafu wa umeme wa migodini katika mkutano wa wakazi wa Sekta ya Nkombo, Wilaya ya Rusizi, na kamati ya polisi jamii.)



Nimeombwa nizungumze juu ya vifaa vya umeme vinavyoongoza na kulinda mitambo ya migodini. Bila shaka wako miongoni mwenu wanaojiuliza: Nkombo ni kisiwa cha wavuvi na wakulima, mgodi uko wapi hapa? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya jingine lolote.

Jambo la kwanza, watoto wetu wanakwenda migodini. Wengine huelekea bara la nchi yetu, kwenye bati na wolframu ya Rutongo na Nyakabingo huko Rulindo. Wengine huvuka ziwa na kufuata dhahabu upande wa pili, hata kufika Kamituga katika eneo la Mwenga. Jambo la pili, shaba inayoibwa kwenye nyaya za umeme hutafuta njia ya kuuzwa, na penye mpaka njia ni nyingi. Mwambao wetu umo miongoni mwa njia hizo. Jambo la tatu, vifaa vinavyomlinda mchimbaji chini ya ardhi ni ndugu wa vile vilivyomo katika mashine ya kusaga unga, katika karakana ya kuchomelea vyuma, na katika nyumba yenye taa moja tu. Anayevielewa vya mgodini ameelewa na vya nyumbani kwake.

Kwa nini mgodi ni mahali pa hatari zaidi

Umeme wa chini ya ardhi hauna tofauti ya asili na huu wa juu. Mahali ndipo panapotofautiana. Chini kuna maji yanayodondoka saa zote, na mwili uliolowa hauuzuii umeme kama mwili mkavu. Njia ni nyembamba, hivyo mtu hawezi kuruka pembeni. Kebo inayolisha mashine haikutundikwa juu ya nguzo. Huburutwa juu ya mawe, hukanyagwa, hugongwa na vigari. Hewa nayo haiji yenyewe. Huletwa na feni, na feni ikisimama, pumzi ya watu huanza kuhesabiwa kwa dakika.

Tunao mfano wa karibu katika historia ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Juni 2002, huko Mererani, kaskazini mwa Tanzania, mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, wachimbaji wapatao 40 walikufa kwa kukosa hewa baada ya mtambo wa kupeleka hewa chini kushindwa kufanya kazi. Hawakuangukiwa na jiwe wala hawakupigwa na umeme. Mashine moja ilisimama, na hewa ikaisha.

Kwa hiyo katika mgodi uliopangwa vizuri, feni haiachwi peke yake. Kuna kifaa kinachopima kama hewa inapita kweli, na kengele inayolia isipopita. Umeme wa mitambo ya kuchimba hufungamanishwa na feni hiyo: hewa ikikatika, mashine hazikubali kuendelea, ili watu wajue kuwa wakati wa kutoka umefika. Mgodi usio na kifungamanishi hicho humwachia mchimbaji agundue hatari kwa kizunguzungu chake mwenyewe, na kizunguzungu huja kimechelewa.

Walinzi wawili wasiofanana

Watu wengi huamini kwamba fyuzi au swichi ya kujikata iliyopo ukutani humlinda mtu asipigwe na umeme. Sivyo, na kosa hilo limeua wengi. Naomba mnisikilize kwa makini katika hesabu hii fupi.

Taa ya kizamani ya wati 60 hutumia umeme wa takribani miliampea 260. Umeme wa miliampea 30 tu ukipita kifuani mwa mtu kwa muda usio mrefu waweza kuuvuruga moyo. Hiyo ni kama sehemu moja kwa tisa ya umeme unaowasha taa hiyo moja. Sasa, swichi ya kawaida ya nyumbani hujikata umeme unapozidi ampea 10, au 16, au 20. Ampea 10 ni miliampea 10,000. Mtu akishika waya, swichi hiyo haioni jambo la ajabu. Kwake, mtu yule ni kama kipande kidogo cha taa. Itaendelea kumpelekea umeme kwa utulivu mpaka afe. Kazi yake ni kuzilinda nyaya zisiungue.

Mlinzi wa mtu ni kifaa kingine, kinachopima umeme uliokwenda na umeme uliorudi. Vipimo viwili vikilingana, kinanyamaza. Visipolingana, maana yake umeme umepata njia ya kupotelea ardhini, na huenda njia hiyo ni mwili wa binadamu. Papo hapo kinakata, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Nyumbani, kifaa kinachofaa hukata kwenye miliampea 30. Migodini vipo vya namna hiyo kwenye kila tawi la umeme linalolisha mitambo inayohamahama.

Kifaa hiki hushirikiana na waya wa ardhi, ule unaounganisha bodi ya chuma ya mashine na udongo. Waya wa umeme ukichunika na kugusa bodi, waya wa ardhi huupa umeme njia ya kupita isiyo mwili wa mfanyakazi, na kikata umeme hutambua mara moja. Waya wa ardhi ukikosekana, bodi nzima ya mashine husimama pale ikiwa na umeme, imetulia, ikimngoja wa kwanza kuigusa.

Kwa sababu hiyo, kebo nzuri za mitambo ya migodini zina waya mwembamba wa ziada ndani yake. Kazi yake ni kuulinda waya wa ardhi. Umeme mdogo hupitishwa humo kuzunguka na kurudi. Mzunguko huo ukikatika popote, mashine haiwaki. Mlinzi amewekewa mlinzi.

Ukimya kama kengele

Sasa nitaeleza kanuni ambayo ndiyo moyo wa elimu yote hii, nami nitatumia mfano wa ulinzi wa usiku ambao ninyi mnaujua.

Tuseme mmeweka mlinzi na kumwagiza: ukimwona mwizi, piga filimbi. Mwizi mwerevu atamfunga mlinzi kwanza, kisha aibe kwa raha. Filimbi haitalia, nanyi mtalala mkidhani kuna amani. Lakini mkimwagiza: piga filimbi kila baada ya robo saa, mradi hali ni njema, basi siku akifungwa, filimbi itanyamaza, na ukimya huo ndio utakaowaamsha.

Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kwa dharura kimetengenezwa kwa kanuni hiyo ya pili. Umeme hupita ndani yake wakati wote kusema "hali ni njema". Ukikibonyeza, umeme huo hukatika na mashine husimama. Panya akiutafuna waya wake, jiwe likiuponda, mtu akiukata, mashine pia husimama. Vivyo hivyo kamba inayotandazwa kandokando ya mkanda wa kusafirishia mawe: mfanyakazi akinaswa nguo, huivuta popote alipo, na mkanda husimama. Hata breki za winchi ya kupandisha watu zimejengwa hivyo: chemchemi nzito huzifunga breki, na nguvu ya mashine ndiyo inayozifungua. Nguvu ikipotea, breki hufunga zenyewe, na kizimba hakianguki.

Kuna kifaa kingine kinachostahili kutajwa kwa sababu kinahusu mashine zetu za kusaga. Umeme ukikatika na kurudi, mashine haipaswi kuanza kuzunguka yenyewe. Swichi ya sumaku, ambayo mafundi huiita kontakta, huachia umeme unapokatika, na hainaswi tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Fikirini fundi aliyetumia nafasi ya giza kuingiza mkono kwenye mkanda ili aurekebishe. Kontakta ikiwa nzima, umeme ukirudi mkono wake u salama. Ikiwa imerukwa kwa kipande cha waya, umeme utarudi bila kumuuliza.

Hata hivyo, fundi mwenye hekima hautegemei mkono wake kwenye kontakta pekee. Huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiwa mafundi 5, kufuli ni 5, na umeme haurudi mpaka wa mwisho ametoka. Utaratibu huu ni rahisi kuliko yote niliyoyataja, nao hauhitaji fedha zaidi ya bei ya kufuli.

Cheche na gesi

Sisi watu wa Kivu tunajua kwamba ziwa letu limebeba gesi. Huko Karongi, mtambo wa KivuWatt huvuta methani kutoka kilindini na kuzalisha umeme wa megawati 26. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15, cheche ndogo hutosha kuilipua. Migodi yetu ya bati na wolframu haina methani nyingi kama migodi ya makaa ya mawe, lakini kanuni za vifaa vya umeme vya migodini zimezaliwa katika makaa, na inafaa tujue bei iliyolipwa.

Tarehe 14 Oktoba 1913, katika mgodi wa Senghenydd huko Wales, nchini Uingereza, mlipuko uliwaua wachimbaji 439. Uchunguzi haukuweza kuthibitisha chanzo, lakini miongoni mwa vilivyoshukiwa ni cheche ya kengele ya umeme iliyotumiwa kupelekeana ishara. Kengele tu, inayotumia betri! Wataalamu wa zama hizo walifanya majaribio wakaonyesha kwamba hata umeme wa kengele, ukiachwa bila kudhibitiwa, huweza kuwasha gesi. Kutokana na hayo ikajengwa kanuni ya kupunguza nguvu ya umeme katika nyaya za ishara, hata cheche ikitokea isiwe na joto la kuwasha kitu.

Kwa mitambo mikubwa, ambayo haiwezi kutumia umeme mdogo, njia ni nyingine. Swichi huwekwa ndani ya sanduku nene la chuma. Sanduku hilo halizuii gesi kuingia. Limetengenezwa ili gesi ikilipuka ndani, mlipuko ufungiwe humo, na moto unaopenya kwenye ukingo mwembamba wa kifuniko upoe kabla haujafika nje. Usalama wote umo katika wembamba wa ule ukingo. Bolti moja ikikosekana, kifuniko kikiinuka kidogo tu, sanduku limekuwa bunduki. Mtu aliyeichukua bolti hiyo kufungia baiskeli yake hakudhani ameiba kitu.

Gesi nyingine haziwaki, bali huua kimya. Wenzetu wa Goma na Rubavu wanaijua mazuku, hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watu. Katika mashimo ya wachimbaji wadogo kuna mazuku ya kutengenezwa: ni moshi wa jenereta au pampu ya petroli iliyoteremshwa ndani ya shimo. Hewa ya sumu iliyomo katika moshi huo haina rangi wala harufu ya kukuonya. Injini ya mafuta haiingizwi shimoni kamwe. Hukaa juu, mbali na mdomo wa shimo, na kinachoteremka ni bomba au kebo. Na mwenzako akianguka shimoni, usimfuate bila hewa na bila kamba. Mara nyingi wa pili na wa tatu hufa wakimfuata wa kwanza.

Wizi usiozima taa

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niukubali mwaliko huu.

Mwizi akikata waya unaopeleka umeme, taa huzimika, watu hupiga kelele, na mafundi huja. Lakini waya wa ardhi ukiibwa, hakuna kinachozimika. Taa zinawaka, pampu inavuta, mashine inasaga. Siku hupita, wiki hupita. Shaba imekwisha kupimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu na fedha zake zimekwisha kuliwa, na bado hakuna anayejua. Atakayejua ni yule atakayeshika mashine siku kebo itakapochunika. Huenda ni mtoto wa mwizi.

Vifaa vya usalama vyote vina tabia hiyo: kazi yao haionekani mpaka siku ya hatari. Ndiyo maana vinaibwa kwanza, na ndiyo maana vinarukwa kwanza. Katika mgodi mmoja nilioutembelea, ambao sitautaja, nilikuta kikata umeme cha usalama kimefungwa kwa waya ili kisijikate. Nilipouliza, nikaambiwa kilikuwa "kinasumbua", kinakata kila mvua inaponyesha. Tulipoifuata kebo tukakuta mahali imechunika na kulala ndani ya dimbwi ambalo watu walilivuka mara kadhaa kwa siku. Kifaa hakikuwa kikisumbua. Kilikuwa kikisema kweli, nao wakakiziba mdomo.

Kuna pia uovu wa vifaa bandia. Swichi ya kujikata iliyo bandia hufanana na ya kweli kwa rangi na maandishi, huwasha na kuzima vizuri, na muuzaji huionyesha mbele yako. Lakini ndani hakuna utaratibu wa kukata, au upo usiofanya kazi. Huwezi kuijaribu dukani. Bidhaa ya magendo, iliyopita usiku bila forodha wala ukaguzi wa viwango, haina wa kuulizwa. Ukiona bei ni nusu ya bei ya kila duka, jiulize ni nusu gani imeondolewa.

Kwa hiyo nasema kwa wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka: kebo nene iliyokatwa vipande, shaba iliyochomwa ganda lake, sanduku la swichi lenye alama ya kampuni, hivyo si vyuma chakavu. Anayenunua ni mshirika wa aliyeiba, na sheria humtazama hivyo.

Kwa vijana wanaokwenda kuchimba

Siwezi kuwaambia msiende kutafuta riziki. Nawaambia mjue mnakokwenda. Mwezi wa Aprili 2023, katika Sekta ya Kinazi, Wilaya ya Huye, watu 6 walifukiwa shimoni wakichimba mahali pasipo na kibali. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi. Walitafutwa kwa zaidi ya wiki mbili, wasipatikane. Mwezi wa Septemba 2020, huko Kamituga, mvua kubwa ilibomoa mashimo ya dhahabu, na watu wapatao 50 walihofiwa kuwa wamekufa. Mgodi usio na kibali hauna mkaguzi, wala ramani ya njia zake, wala orodha ya walioteremka. Wakifukiwa, hata idadi yao hubishaniwa.

Kabla hujakubali kuteremka shimoni, uliza maswali haya, wala usione haya kuyauliza:

1. Je, mgodi una kibali cha mamlaka ya madini, na jina langu litaandikwa kila ninapoingia na kutoka?

2. Je, feni inapeleka hewa, na ikisimama tutajuaje?

3. Kitufe chekundu kiko wapi, na kilijaribiwa lini? Omba kijaribiwe mbele yako.

4. Je, kebo zimetundikwa, au zimelala majini? Viungio vyake vimefungwa kwa vifaa vyake au kwa mifuko ya plastiki?

5. Je, mashine ina waya wa ardhi unaoonekana, na kikata umeme kina kitufe cha majaribio kinachofanya kazi?

6. Fundi anapotengeneza mashine, hufunga swichi kwa kufuli, au humwambia mtu "usiwashe"?

Msimamizi mwema atayajibu bila kukasirika. Msimamizi anayekasirika amekujibu pia.

Kwetu sisi tunaobaki nyumbani

Mwenye mashine ya kusaga au karakana na amwite fundi anayetambulika, aukague waya wa ardhi na kuweka kikata umeme cha miliampea 30. Kitufe chake kidogo cha majaribio kibonyezwe kila mwezi; kisipokata, kibadilishwe. Pasiwe na msumari mahali pa fyuzi. Mtu akinaswa na umeme, usimshike: zima swichi kwanza, na usipoweza, msukume kwa ubao mkavu ukiwa umesimama pakavu. Waya wa njia ya umeme ulioanguka chini usisogelewe hata kidogo. Wazuie watoto wasiufikie, kisha upige simu REG kwa namba 2727.

Anayeona nyaya zikikatwa, au mzigo wa shaba ukipakiwa mtumbwini usiku, na apige 112, namba isiyolipiwa. Msiwakabili wezi wenyewe, wala msimpige mshukiwa. Kumtoa mtu hatiani au kumtia hatiani ni kazi ya mahakama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Waya wa ardhi ulioibwa ni ufa usioonekana, na wa kuuziba ni yule aliyeona ukiibwa asinyamaze. Wako kati yenu watakaoteremka chini ya ardhi mwaka huu, kwa Rulindo au kwa mbali zaidi. Jana usiku, mahali fulani, kifaa kitakachowalinda kilikuwa bado mahali pake, au kilikuwa tayari kimo ndani ya gunia. Tuhakikishe gunia hilo halipiti Nkombo.